Mifuko ya tuliosoma pamoja inaanza kwa kishindo, inakufa kimya kimya. Hesabu, uongozi au siasa?

Kibubu_Kikavu #1

Wakuu salaam.

Makundi ya WhatsApp ya waliomaliza shule mwaka mmoja yanapita njia moja. Zinaanza picha za zamani na majina ya utani ya bwenini. Anafiwa mmoja, anaugua wa pili, michango ya papo kwa papo inachosha, mtu anasema "jamani tuwe na mfuko". Katiba inanakiliwa kutoka kundi jingine. Miaka michache mbele mweka hazina hapokei simu na watu wamerudi kwenye picha za zamani.

Kila mtu husema kaliwa. Mimi nadai mara nyingi hakuna aliyekula kitu. Mfuko ulikufa siku katiba ilipoandikwa. Chukueni kalamu.

Wanachama 40, ada shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800,000. Mafao yaliyozoeleka: akifa mwanachama 2,000,000, mwenza 1,500,000, mtoto 1,000,000, mzazi au mkwe 500,000. Kulazwa zaidi ya siku tatu 200,000.

Wanachama 40 wana majina 160 ya wazazi na wakwe. Tuseme walio hai ni 90, na kwa umri wao wanaondoka wanne kwa mwaka: 2,000,000. Wanachama, wenza na watoto wafike 180, alazwe mmoja katika kila 20: tisa, 1,800,000. Jumla 3,800,000 katika mwaka wa kawaida kabisa. Kimebaki 1,000,000. Akifa mwenza mmoja tu, mfuko uko chini kwa 500,000. Na hapo nimefanya wote 40 wanalipa. Wakilipa 30, makusanyo ni 3,600,000, hata mwaka wa kawaida hautoki.

Nawasilisha.

Msumeno #2

Hesabu tamu, lakini ni ya darasani. Fedha inakaa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hakuna taarifa miezi minane, halafu unatuambia hakuna aliyekula. Mweka hazina hana haja ya kuiba, anakopa tu. Ada ya shule imebana, anachukua 300,000 "nitarudisha mwisho wa mwezi". Msiba ukitokea tarehe 20 ndipo anazima simu.

Bi_Mizania #3

Kibubu, umekosea mstari wa mwisho, na kosa lenyewe ndilo lenye dawa.

Wasiolipa 10 kwa katiba hawana haki ya mafao. Kwa hiyo madai nayo yanashuka kwa robo: 3,800,000 inakuwa 2,850,000. Makusanyo 3,600,000. Mfuko unabaki na 750,000. Wasiolipa hawaui mfuko mradi wasilipwe.

Kinachoua ni hiki: mtu ana deni la miezi 14, mama yake anaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, jioni hiyohiyo anatuma 140,000 yote na ujumbe "samahani wapendwa nilibanwa". Wiki ijayo anadai 500,000. Katiba nyingi zinasema tu "mwanachama hai ni asiye na deni". Basi siku ile yu hai! Kipengele kinachokosekana ni cha kungoja. Deni likipita miezi mitatu, kulilipa hakumrudishii mtu haki papo hapo. Anangoja miezi mingine mitatu akiwa analipa. Mgeni angoje sita. Bila hivyo kila mwenye akili atalipa siku mgonjwa wake akizidiwa, na hatakuwa amevunja katiba.

Kibubu_Kikavu #4

#3 nimekubali nusu. Kwenye karatasi uko sahihi. Ila nionyeshe kamati itakayomwambia mtu uliyelala naye kitanda cha juu na chini miaka minne kwamba mama yake hana rambirambi.

Mtaa_wa_Saba #5

Hapo #4 ndipo penyewe. Kundi la mtaa linaweza kumkatalia mtu. Marafiki wa zamani hawawezi, wanaoneana haya. Na wakithubutu, wanafanya vibaya: orodha ya wadaiwa inawekwa kundini, majina yenye rangi nyekundu. Kesho yake "fulani ameondoka" mara sita.

Njia nyepesi ni kumpa kila mwanachama zamu ya robo mwaka ya kukumbusha, na ukumbusho uende faraghani, mara ya kwanza tarehe 25, ya pili tarehe 5. Orodha ya kundini iwe ya waliolipa tu. Asiyejiona anajijua.

Kizibo #6

Mnazunguka. Siasa ndiyo inayoua. Makundi haya yanafufuka mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Anatokea mmoja, anakuwa "mlezi", anatia 2,000,000, ada inashushwa hadi 5,000 kwa furaha. Kura za maoni zikimtupa, mlezi haonekani tena, na ada haipandi tena.

Ongeza tozo ya miamala ya 2022. Hapo ndipo michango ya simu ilipovunjika mgongo.

Bi_Mizania #7

Tozo ilianza 15 Julai 2021, siyo 2022. Juu kabisa ilikuwa 10,000 kwa muamala. Septemba mwaka huohuo ikakatwa asilimia 30, ikawa 7,000. Bajeti ya 2022 ikashusha ukomo hadi 4,000. Julai 2023 ya kutuma ikaondolewa, ya kutoa ikabaki.

Lakini anayetuma 10,000 hakuwahi kufika karibu na ukomo. Kinachomla ni wingi wa miamala: makato mara 12 kwa mwaka kwa kila mtu, halafu makato ya kutoa. Kusanyeni kwa robo mwaka, 30,000 mara nne. Mnapunguza makato na mnapunguza kudaiana.

Kizibo #8

Sawa mwalimu, 2021. Mlezi hujamgusa.

Bi_Mizania #9

Mlezi ni rahisi. Fedha yake iandikwe daftari la akiba, isihesabiwe kwenye kupanga ada. Ada ipangwe kana kwamba hayupo. Na hayupo.

Bandari_Ndogo #10

Hamjambo. Natia neno kutoka Mombasa. Huku chama cha waliosoma pamoja kinasajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, watu wasipungue kumi, kuwe na katiba na kumbukumbu ya mkutano uliochagua viongozi. Bila cheti ni taabu kufungua akaunti ya kikundi, na bila akaunti mnarudi kwenye laini ya mtu kama asemavyo Msumeno.

La pili ni bima. Tangu Oktoba 2024 NHIF ya Kenya imeondoka, kuna SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya: mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, asiyeajiriwa anakadiriwa kwa kipato, isipungue shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Zamani alikuwa akilipa 500 kila mwezi. Mkupuo ndio unaowashinda watu wa jua kali. Basi chama kinamlipia mwanachama mwaka mzima, naye anakirudishia kidogo kidogo kila mwezi. Hilo lina faida kuliko kumpa 20,000 akishalazwa.

Nesi_wa_Zamu #11

Naunga mkono #10 kwa nguvu. Fao la kulazwa ndilo baya kuliko yote kwenye orodha ya #1, kwa sababu halina mwisho. Kifo ni mara moja. Kulazwa kunarudi.

Watu wa kundi moja mna umri mmoja. Mkifika 45 hadi 50 shinikizo la damu na kisukari vinawapata kwa pamoja. Figo zikishindwa, kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, yaani mara 12 au 13 kwa mwezi bila kikomo. Hakuna mfuko wa watu 40 unaobeba hata mgonjwa mmoja wa namna hiyo. Andikeni kabisa: fao la kulazwa mara moja kwa mwaka kwa kaya, na ugonjwa wa kudumu ni kazi ya bima, mfuko uhakikishe tu kadi haijafa.

Msumeno #12

Bima ipi Nesi? Huku Tanzania, Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya 50,400, watu walikuwa wakikata mmoja mmoja, 2023 utaratibu ukageuzwa wakaambiwa wasajiliwe kupitia shule. Machi 2024 hospitali binafsi zikavutana na NHIF yetu juu ya kitita kipya cha bei, wenye kadi wakabaki wanatazamana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023. Ukiweka mafao yote kwenye kadi, umeweka mfuko wako mikononi mwa wanasiasa.

Nesi_wa_Zamu #13

Sikusema wekeni yote. Hata CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilipokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka huko mikoani, ilimfikisha mgonjwa hospitali ya wilaya na rufaa ya mkoa akifuata ngazi. Kwa 200,000 yenu ya kulazwa mara moja mngelipia kaya sita na chenji ikabaki. Wanakwama kwa kuruka ngazi: mtu anatoka nyumbani moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila barua ya rufaa, anaambiwa alipe taslimu, kisha anasema kadi ni utapeli.

Darajani #14

Assalaam alaykum. Mumesahau kundi lina watu wa dini mbili.

Kwetu maiti hakai. Akifa alfajiri, adhuhuri au alasiri keshazikwa. Sanda ya mwanamme nguo tatu, ya mwanamke tano, ubani, mafuta mazuri, mbao, wachimbaji. Gharama ya siku ile si kubwa. Kubwa ni kasi. Katiba inasema fedha itoke "ndani ya siku saba baada ya kuwasilisha kibali cha mazishi". Siku saba tushamaliza khitma!

Kwa hivo gaweni fao mara mbili: fungu dogo la saa sita za kwanza kwa simu ya mjumbe mmoja wa familia, na la pili baadae kwa karatasi. Na jengine: nyinyi wa bara mkichoka kuiona fedha imelala, mnaikopesha kwa asilimia kumi. Waislamu humo ndani wanatoka kimya kimya, hawakwambieni sababu ni riba.

Mtaa_wa_Saba #15

Sheikh wa Darajani, na wake wanne je? Mwenza mmoja 1,500,000, huyu mwanachama si atatufilisi?

Darajani #16

Ahaa. Andikeni "mwenza mmoja aliyeandikwa kwenye fomu". Atachagua mwenyewe amwandike nani, na hilo msiniulize mimi.

Bi_Mizania #17

Mtaa wa Saba unacheka, lakini fomu ndiyo kila kitu. Neno "mzazi" kwa Kiswahili halina mipaka. Mama mkubwa ni mama. Baba mdogo ni baba. Aliyekulea ukisoma ndiye hasa mama. Likija dai la mama mkubwa, hakuna mjumbe mwenye uso wa kusema "huyo si mama yako".

Kwa hiyo fomu siku ya kujiunga: majina manne tu, mwanachama ajaze apendavyo. Baba mzazi, mama mkubwa, mlezi, mkwe, ni juu yake. Akishajaza hakuna kubadili. Jina likishalipwa linakatwa kwa wino. Nakala tatu: katibu, mweka hazina, mwenyewe. Wakati wa dai, kwanza jina kwenye fomu, pili kibali cha mazishi au barua ya mtendaji, tatu hadhi ya ada. Dakika kumi kazi imekwisha, hakuna kikao.

Na fedha ya mikopo isichanganywe na ya misiba hata siku moja. VICOBA zenyewe, vikundi vya hisa na mikopo, hutenga mfuko wa jamii mbali na hisa. Sanduku lile la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti lina maana hiyohiyo. Kwa simu kuna M-Koba ya akiba za vikundi, kutoa hela kunataka idhini ya viongozi kadhaa, si nambari ya siri ya mtu mmoja. Benki, watia sahihi watatu na wawili wowote watoshe, la sivyo mmoja akisafiri maiti anangoja.

Gogo_la_Shamba #18

Nimesoma yote. Mmekosa sababu kubwa kuliko zote.

Mtu akishazika wa nne wake, anaacha kulipa. Si mwizi wala si mkorofi, mfuko umeisha kazi kwake. Alilipa miaka sita, akachukua 500,000 mara nne, sasa anakaa kimya. Anayebaki analipa ni yule ambaye wazee wake wangali hai na wana miaka 80, yaani mwenye madai mbele. Kila mwaka kundi linabaki na walipaji wachache na madai yaleyale.

Na kuna mwenzie: aliyejiunga akiwa yatima tayari. Huyu tangu siku ya kwanza analipia wazazi wa wenzake.

Jumuiya ya kanisani au mtaani haifi hivi, kwa sababu vijana wapya wanaingia kila mwaka. Waliomaliza kidato cha nne 1995 hawaongezeki. Wote ni rika moja, wanazeeka siku moja. Ni gari lisilo na kituo cha kupakia, lina vya kushusha tu.

Kibubu_Kikavu #19

#18 hii sikuiona. Ndiyo maana mwaka wa tatu mambo yanaharibika.

Gogo_la_Shamba #20

Nani kasema wa tatu? Inategemea umri mlioanza nao. Mkianza na miaka 30 mnajaza kibubu miaka kumi, mnajiona matajiri, mnaongeza mafao. Mkianza na 50 mnamwagika mwaka wa kwanza.

Msumeno #21

Na dawa yake? Maana umeleta ugonjwa tu.

Gogo_la_Shamba #22

Zipo mbili, zote zina kasoro. Ya kwanza ni kugawa ada: 4,000 ya wazazi, 6,000 ya mwanachama na kaya yake. Jina la nne likikatwa, analipa 6,000 tu. Hasemi ameonewa. Kasoro: mfuko wa wazazi unabaki na wachache, ada yao lazima ipande. Ya pili ni kumwekea jambo mbele, kwamba fao la mwanachama mwenyewe linapanda kadiri anavyolipa: chini ya miaka 5 ni 1,000,000, baada ya 5 ni 2,000,000, baada ya 10 ni 3,000,000. Anayeacha anapoteza ngazi. Kasoro: mnajifunga ahadi kubwa umri ambao mtaanza kuondoka nyinyi wenyewe.

Kizibo #23

Na mfumuko wa bei je? Hiyo 3,000,000 baada ya miaka kumi itanunua nini? Serikali inasema asilimia tatu. Nani anayezika kwa asilimia tatu?

Bi_Mizania #24

Hata kwa asilimia nne, miaka kumi inafanya cha 500,000 kiuzwe 740,000. Lakini kapu la bei la taifa si kapu la msiba, hapo Kizibo una haki. Msiba wa kusafirisha ni dizeli. Mwanzoni mwa 2021 petroli Dar ilikuwa chini ya 2,000 kwa lita, Agosti 2022 ilipita 3,400 na dizeli ilikuwa nyuma yake kidogo tu. Aliyepewa 500,000 zilezile alipewa safari fupi zaidi.

Msitaje shilingi kwenye katiba. Tajeni ada: fao la mzazi ni sawa na ada 50 za mwezi, mwanachama ada 200. Ada ikipanda hadi 12,000, mzazi anakuwa 600,000 yenyewe, bila kura. Mkutano wa mwaka ubishane juu ya namba moja tu.

Nesi_wa_Zamu #25

Kwenye huo mkutano wa mwaka, kabla ya nyama choma, pimaneni presha. Mashine moja ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, amekojoa, haongei. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili, chukua wastani. Ikiwa 140 juu au 90 chini kwenda mbele, arudie siku nyingine kliniki. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma au macho yana ukungu, hospitali siku hiyohiyo.

Kosa kubwa ni mkanda. Wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Wanaume walionenepa wanapita hapo. Mkanda ukibana, namba inapanda bure, mtu anaanzishiwa dawa isiyomhusu. Nunueni na ule mkubwa, 32 hadi 42. Kosa la pili ni la mgonjwa: anameza amlodipini, dawa ya presha, mwezi mmoja, namba inashuka, anaacha akidhani amepona. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa.

Mtaa_wa_Saba #26

Uzi wa kuzikana umekuwa kliniki.

Nesi_wa_Zamu #27

Kiharusi kimoja mkikizuia mnaokoa 1,500,000 ya mwenza. Muulize Bi Mizania.

Msumeno #28

Bado nangoja mtu ajibu #2. Fomu, ngazi, ada 50, vyote vizuri. Taarifa ya fedha iko wapi?

Bi_Mizania #29

Tarehe 3 ya kila mwezi, picha ya salio la akaunti na mistari minne: salio lililopita, kilichoingia, kilichotoka na jina, kilichobaki. Asipotuma hadi tarehe 5, mtia sahihi mwingine anaitoa benki mwenyewe. Haihitaji mkaguzi.

Mgeni_Njiani #30

Asanteni kwa uzi. Swali dogo: kuna wawili walioana humohumo darasani, wote wanalipa ada. Mama wa mmoja akifariki, zinatoka 500,000 au 1,000,000?

Gogo_la_Shamba #31

1,000,000. Ada mbili, fomu mbili, kila moja ina jina lake. Kwa mmoja ni mama, kwa mwingine ni mkwe.

Bi_Mizania #32

500,000. Maiti ni mmoja na kibali cha mazishi ni kimoja. La sivyo kesho ndugu wanne waliosoma wote hapo watadai 2,000,000 kwa msiba mmoja.

Gogo_la_Shamba #33

Ndugu wanne darasa moja? Mapacha wangapi hao?

Darajani #34

Wake wanne, Gogo. Wake wanne.